Tochi ya Funguo za Kija

Ijumaa, 8 Novemba 2024

Mvua ya kwanza ya maana leo. Imenyesha tangu saa nane mchana hadi jioni. Bati la chumba changu limevuja karibu na mlango, palepale lilipovuja mwaka jana, na Violeth ameweka beseni. Violeth ni mke wa mwanangu Onesmo, ambaye yuko kazini Mwanza na huja mwisho wa mwezi. Ndiye anayenipikia, anayeniogesha na anayenisema.

Naitwa Selestini Ndalahwa. Nina miaka sabini na tisa. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mganga msaidizi wa zahanati ya kijiji hiki, na watu bado wananiita Daktari ingawa sikuwa daktari. Moyo wangu umechoka, miguu inavimba, na wa kulia una kidonda cha kisukari kisichotaka kupona. Niliwahi kukaa mbele ya wagonjwa wenye dalili hizi nikijua wamebakiza mwaka mmoja au pungufu. Sikukosea mara nyingi. Ndiyo maana nimemwomba Violeth aninunulie daftari.

Muuguzi Kija Mboje huja kila Ijumaa kusafisha kidonda. Mama yake alifia mikononi mwangu siku aliyomzaa, Machi 1986. Mimi ndiye niliyesababisha. Kisha nikaandika uongo, na uongo ule ukamfukuza bibi yake kijijini. Bibi huyo yu hai, yuko upande wa Mwanhuzi. Kija hajui. Nataka ajue kutoka kinywani mwangu kabla sijafa, na sijui nianzie wapi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimelala mchana kutwa. Sikuandika.

Ijumaa, 15 Novemba

Kija alikuja saa kumi, mvua ikimfuata nyuma. Umeme ulikuwa umekatika na chumba kilikuwa na giza kama stoo.

"Mwadila, guku." Hunisalimu kwa Kisukuma na kuniita babu.

"Mwadila, ng'wanawane. Habari za kazi?"

"Kazi ni watu, guku. Leta mguu."

Akawasha taa ya simu, akaibana kwa kidevu, akainama. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kidonda. Aliposema neno moja tu, simu ikachomoka na kuzama kwenye kibeseni cha maji ya chumvi. Akaitoa, akaipangusa kwenye sketi, akacheka kwa hasira.

"Ya tatu hii tangu mwaka uanze. Nyingine mama mmoja aliipiga teke akijifungua."

"Zahanati haina tochi?"

"Ipo kubwa. Inataka mkono wa kuishika, na mikono yangu ni miwili. Nikimwomba mama mkwe wa mgonjwa anishikie, anamulika ukuta. Nawatoa nje wote, guku. Mama mkwe haingii kwangu. Wanachelewesha watu nyumbani, halafu wanakuja kulia mlangoni."

Alisema hivyo huku akifunga bandeji, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa. Aliposimama, funguo zililia kiunoni mwake: ya pikipiki, ya kabati la dawa, ya chumba cha kujifungulia. Haziondoki kiunoni hata anapokula. Nikazitazama mpaka alipotoka.

Tochi ndogo. Ya kuning'inia pale pale kwenye funguo, ambayo mtu anaweza kuing'ata kwa meno akabaki na mikono yake. Hilo naweza kulifanya hata nikiwa nimelala. Nikimpa tochi, maneno yatafuata.

Jumatano, 20 Novemba

Nilimwagiza Violeth gulioni Bariadi. Nilimwandikia kwenye karatasi: ndogo, ngumu, isiyo ghali, yenye pete ya kutia kwenye funguo. Amerudi na kitu cha plastiki chenye umbo la samaki. Ukimbana mkia, mdomo unawaka rangi ya bluu.

"Baba, nzuri au siyo nzuri?"

"Ni ya mtoto."

"Kwani taa inajua umri?"

Betri zake ni vidonge vitatu vya duara, kama vya saa ya mkono. Hilo peke yake lilinifurahisha. Betri ya namna hiyo haiingii kwenye redio.

Jumapili, 24 Novemba

Samaki amekufa. Siku nne. Vidonge vile havipatikani hapa, na fundi saa wa Bariadi amemwambia Violeth kwamba kununua vitatu ni sawa na kununua samaki mwingine. Pete yake nayo imepinda ilipotiwa ufunguo mmoja tu wa kufuli.

Ijumaa, 29 Novemba

Kija alikuja. Alikuwa na haraka. Nilisema, "Kija, kuna jambo." Akasema, "Maumivu yameongezeka?" Nikasema kidogo. Akaniongezea vidonge.

Alhamisi, 5 Desemba

Watu wako mashambani tangu alfajiri. Nasikia majembe ya ng'ombe na watoto wakipiga mbinja. Pamba imeota vizuri, wanasema. Mimi nimekula michembe ya viazi, nimelala.

Jumatatu, 9 Desemba

Tochi ya pili. Hii Violeth aliinunua kwenye duka la vifaa vya simu la Danford, karibu na stendi. Ni nyembamba, ya kuchaji kwa waya wa simu, na mwanga wake unaumiza macho. Nimefurahi. Nimemwambia Violeth kwamba Ijumaa nitaitoa.

Jumatano, 11 Desemba

Upepo wa jana umeangusha nguzo ya umeme. Tochi iliwaka kwa muda usiotimia saa mbili, ikazima. Inalala mezani ikingoja umeme kama sisi wengine.

Ijumaa, 13 Desemba

Sikuitoa. Siwezi kumpa mkunga taa inayoomba ruhusa ya nguzo. Na kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la kuchajia kimenyofoka nilipokivuta kwa ukucha. Niliichovya kwenye kikombe cha maji, ikatoa povu, ikazima kabisa.

Violeth alinikuta nikiitazama ndani ya kikombe.

"Baba, umeichemsha?"

"Nimeipima."

"Basi imefeli. Wewe ndiye uliyeizamisha, nayo ndiyo imefeli."

Kija alipokuja alizungumza habari za Krismasi. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba siku nzima. Nilimuuliza kwa nini alisomea ukunga, na si kazi nyingine, maana alifaulu vizuri.

"Baba alinihadithia. Bibi yangu alimkalisha mama nyumbani siku nzima mpaka damu ikamwishia. Nikaapa kwamba mwanamke hatacheleweshwa nikiwa karibu."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Sijui. Wala jina lake nyumbani halikutajwa. Nyoosha mguu, guku."

Maisha yake yote ameyajenga juu ya sentensi mbili nilizoziandika mimi.

Jumatano, 25 Desemba

Onesmo amekuja na watoto. Wali, nyama ya mbuzi, kelele. Padri aliniletea komunyo kitandani. Sikuungama jambo hili kwake. Nimeliungama mara tatu katika maisha yangu, kwa mapadri watatu, na wote walinisamehe. Hakuna hata mmoja kati yao aliyelelewa bila mama.

Alhamisi, 2 Januari 2025

Mvua. Beseni limejaa mara mbili. Onesmo alisema atapanda kuziba bati, kisha akaondoka.

Jumatano, 8 Januari

Danford amekuja mwenyewe kwa pikipiki. Ni kijana mnene mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto. Inaonekana Violeth amemlalamikia dukani mbele ya wateja. Alimwaga tochi kumi juu ya blanketi langu.

"Mzee wangu, nimesikia unazitesa bidhaa zangu. Leo chagua, mimi nipo nashuhudia."

Nikaanza. Za plastiki nikazitupa upande. Zenye kitufe cha kubonyeza nikazitupa pia, kwa sababu kitufe kikigandamizwa na funguo ndani ya mfuko, tochi inawaka yenyewe na siku unayoihitaji unakuta imekwisha. Zikabaki tatu, za bati jepesi lisiloshika kutu, za kuzungusha kichwa ili ziwake. Moja pete yake ilikuwa waya mwembamba. Nyingine haikuwa na mpira shingoni, na maji yangeingia. Ya tatu ilikuwa nyeusi, urefu wa kidole changu cha kati, mpira upo, pete nene.

"Hiyo naitupa chini," nikasema.

"Itupe."

Nilimwomba Violeth aitupe, maana mkono wangu hauna nguvu ya kutupa. Aliitupa kwenye saruji mara tatu, ya tatu kwa raha zake. Ikawaka. Nikaomba kikombe cha maji.

"Mzee," Danford akasema, "unanunua tochi au unaoa?"

Violeth akacheka hadi akashika ukuta. "Mwache, angeoa angemaliza zamani!"

Nikauliza inatumia betri gani. Danford akaifungua. "Moja tu, ndogo. Ya rimoti. Kila kioski kinayo, hadi kijijini kwenu, hadi Lamadi kwa wavuvi. Hutahangaika."

Nikairudisha kwenye blanketi. Nikamwambia siitaki.

"Kwa nini tena? Imeanguka, imekunywa maji, imewaka!"

Nikaichukua tena, nikaitoa betri, nikaigeuza kiganjani. Betri ya rimoti inaingia kwenye rimoti. Ilinichukua muda kuona ujinga wangu. Betri isiyoingia kwenye kitu kingine ndiyo isiyopatikana, na inayopatikana ndiyo inayoweza kuchukuliwa. Hakuna tochi duniani itakayomzuia mtu kuchomoa betri. Nikainunua, shilingi elfu nne. Danford akaongeza betri moja bure, "ya mahari."

Ijumaa, 10 Januari

Kija hakuja. Yuko kwenye semina Bariadi. Nimemwambia Violeth aitundike tochi kwenye msumari wa mlango, kwenye funguo za nyumba, tuijaribu wiki moja.

Alhamisi, 16 Januari

Leo imetokea.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mawingu meusi, umeme upo lakini balbu ya chumbani imeungua. Nilitaka kuiona tena. Violeth akanipa funguo. Nikazungusha kichwa cha tochi. Giza. Nikazungusha tena. Nikaifungua. Ndani hapakuwa na kitu.

"Violeth! Betri iko wapi?"

"Nimeitia kwenye rimoti, Baba, pamoja na ile ya mahari. Tamthilia ilikuwa inaanza. Nitairudisha."

Sikumbuki vizuri nilichosema. Najua nilipiga kelele. Najua nilimwita majina ambayo sijawahi kumwita mwanamke, na kwamba niliirusha tochi ikagonga beseni. Violeth alisimama mlangoni na rimoti mkononi, mdomo wazi.

"Baba, ni betri tu."

Nikaanza kulia, mimi mzee, kamasi mpaka kidevuni. Hakunikaripia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Betri ya nani, Baba?"

Nikamwambia. Nitaandika hapa nilivyomwambia, maana sijawahi kulisema lote kwa mtu ambaye halazimiki kunisamehe.

Machi 1986. Mafuta ya taa yalikuwa hayaonekani. Zahanati ilikuwa na tochi moja ya betri mbili, na mimi nilikuwa na redio. Betri mpya zilikuja jozi moja, ni za tochi. Nilizitia kwenye redio yangu kwa sababu ya mechi. Zile zilizochoka nilizianika juani juu ya bati, kama kila mtu alivyofanya wakati ule. Jua huzipa nguvu ya dakika chache. Nikazirudisha kwenye tochi. Ilikuwa mara yao ya tatu kuanikwa.

Ng'washi, bibi yake Kija, alimleta mkwe wake, Martha, saa kumi jioni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mapema kabisa. Maumivu yalikuwa bado ya mbalimbali, na Martha alikuwa akicheka. Mtoto alizaliwa saa moja ya usiku, mvua ikinyesha. Nilikata kitovu kwa mwanga wa tochi. Kisha tochi ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa, ikazima. Paa la chumba kile lilivuja kama hili.

Ng'washi alikuwa amepiga magoti miguuni mwa mkwe wake. Akasema, "Daktari, hapa pamelowa."

Nikamwambia ni maji ya paa.

Akasema, "Shika. Ni ya moto."

Nikasema, "Nyamaza, mama. Ni maji ya paa."

Akasema tena kwamba ni ya moto. Nilikuwa na miaka arobaini na cheti ukutani. Yeye hakujua kusoma. Nikamshika bega, nikamtoa nje, nikafunga komeo. Sikuinama kushika. Ningeinama, ningejua. Kibatari kilipoletwa kutoka kwa jirani, Martha alikuwa ameshakwenda, na damu ilikuwa imefika mlangoni.

Katika taarifa niliandika: Mgonjwa alicheleweshwa nyumbani na mama mkwe. Alifika akiwa ameishiwa damu. Wazee waliponiuliza, nikasema hivyo hivyo. Mwezi haukuisha kabla watu hawajaanza kusema juu ya macho ya Ng'washi. Yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kama macho ya kila mwanamke aliyepika miaka ile. Wakasema ni mchawi, alimfunga mkwe wake tumboni. Mwanawe mwenyewe, Mboje, ndiye aliyemwambia aondoke kabla vijana hawajaja na mapanga. Alipita mbele ya zahanati na mzigo kichwani. Hakunitazama. Mimi nilikuwa dirishani.

Violeth aliiweka rimoti sakafuni, karibu na beseni lililokuwa likimwagika.

"Kija anajua?"

"Hajui."

"Kwa hiyo miezi miwili yote hii umekuwa ukichagua tochi."

Akainuka, akamwaga maji nje.

Ijumaa, 17 Januari

Asubuhi nilikuta tochi juu ya mto wangu. Inawaka. Rimoti ipo kando yake, tupu, kifuniko kimefungwa kwa plasta ya kidonda. "Tutabadilisha stesheni kwa mkono," Violeth alisema. Miaka kumi na mbili nimemwona kama mwanamke wa maneno mengi.

Kija alikuja pamoja na mwanafunzi wa uuguzi. Siwezi kusema mbele ya mtu mwingine.

Jumanne, 21 Januari

Violeth ameuliza kwa nini nisimpe daftari hili. Nimemjibu kwamba uongo niliuandika, kwa mwandiko huu huu. Kweli sharti itoke mdomoni, aniangalie.

Jumatatu, 27 Januari

Bujiku, kaka yake Violeth, ananunua ng'ombe mnadani Mwanhuzi. Amepita kutusalimu. Violeth alimuuliza juu ya bibi mmoja aitwaye Ng'washi, aliyetoka huku zamani. Anamfahamu. Anakaa kwa mtoto wa kaka yake. Haoni tena, macho yamefunga weupe. Na tangu mwaka mpya hali chakula.

"Anasema ameshachoka kungoja," Bujiku akasema.

"Anangoja nini?" Violeth akauliza.

"Nani anajua wazee."

Nilijifanya nimelala.

Ijumaa, 31 Januari

Nimempa tochi.

Nilipanga kusema kwanza, kisha nitoe. Nilitoa kwanza. Aliizungusha, ikawaka, akaizima, akaiwasha. Akaing'ata kwa meno, akanyoosha mikono miwili mbele yangu, akaipunga kama mtoto. Akaitia kwenye pete ya funguo palepale.

"Guku! Umejuaje? Wakubwa wamekuja na makabrasha yao miaka sita, hakuna aliyeniuliza mikono yangu iko wapi." Akanibusu kichwani. Hakuna aliyenibusu kichwani tangu mke wangu afariki. "Wabeja sana. Asante, guku."

Baada ya hapo sikuweza. Alikuwa na furaha, na mimi ndiye niliyemfurahisha. Nikaila ile furaha yote. Violeth alikuwa mlangoni akinitazama. Kija alipoondoka, Violeth alifunga mlango kwa nguvu.

Jumanne, 4 Februari

Violeth: "Yule bibi hali, Baba. Nawe unakula."

Ijumaa, 7 Februari

Nilianza. Nilisema, "Kija, keti. Ni habari ya mama yako." Aliketi. Simu yake ikalia: mapacha, mmoja ametanguliza miguu. Alikimbia. Nilisikia funguo zikilia hadi kwenye pikipiki. Baadaye Violeth ameniambia wote wako salama, mama na mapacha, na kwamba umeme haukuwepo.

Ijumaa, 14 Februari

Nimesema.

Nilimwambia akiwa ameshika mguu wangu, kwa sababu nilijua hataweza kuuachia nusu. Nilisema redio, betri, bati, saa kumi jioni, mkokoteni. Nilisema Ng'washi ni jina la bibi yako na kwamba hakuchelewa hata saa moja. Nilisema nilichoandika. Mvua ilinyesha kwa nguvu juu ya bati, na mara mbili ilinibidi nirudie sentensi kwa sauti kubwa, maneno ambayo nisingependa kuyasema hata kwa kunong'ona.

Hakulia. Alisafisha kidonda hadi mwisho, akaweka dawa, akafunga bandeji, akakata plasta kwa meno. Tochi ilining'inia kiunoni mwake. Kisha akauliza swali moja tu.

"Alikuambia ni ya moto?"

"Aliniambia."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Akakusanya vifaa. Mlangoni alisimama kidogo, mgongo kwangu. Nilidhani ataing'oa tochi aniachie. Akatoka nayo. Violeth alimfuata nje na mwavuli. Niliwasikia wakizungumza, nikasikia neno Mwanhuzi.

Ijumaa, 21 Februari

Amekuja muuguzi mwingine, Ikupa, mwenyeji wa Mbeya. Ana mikono laini. Nilimuuliza Kija yuko wapi. "Amechukua likizo, babu." Hajui zaidi.

Jumamosi, 22 Februari

Mvua.

Jumapili, 23 Februari

Mvua. Wanasema barabara ya Mwanhuzi imekatika mahali, magari yanalala upande wa pili.

Jumatano, 26 Februari

Miguu imevimba hadi magotini. Nikilala chali napumua kama mtu aliyebebeshwa gunia. Violeth ameniegemeza kwa mito mitatu. Nimemuuliza kama Bujiku amesema chochote. Simu yake haipatikani. Nimeuliza mara nne leo. Sina kazi nyingine ninayoweza kuifanya isipokuwa kuuliza.

Ijumaa, 28 Februari

Ikupa. Kidonda kimeanza kunuka. Alinyamaza kwa adabu, kama nilivyokuwa nikinyamaza mimi.

Jumatatu, 3 Machi

Huenda bibi amekufa kabla Kija hajafika. Huenda amefika, bibi akamkataa. Huenda Kija amechukuliwa na maji mtoni. Nimejitengenezea habari zote na zote nazistahili.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kidogo kidogo, napumzika kila mistari miwili.

Saa tisa mchana, mvua ikiwa imeshika, nilisikia pikipiki, kisha funguo. Kija aliingia, lakini hakuwa peke yake. Alikuwa amemshika mkono mwanamke mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, amefungwa kitenge kipya, miguu peku, macho meupe kama maziwa. Violeth akaleta kigoda, wakamkalisha karibu na mlango.

"Siwezi kumwacha nyumbani peke yake," Kija akasema. "Anahama na kiti akinitafuta." Hakuniita guku. Akapiga magoti, akafungua bandeji. Nje palikuwa peusi. Akaing'ata tochi, mikono yake miwili ikaanza kazi, na kwa sababu ya tochi hakuweza kusema neno lolote, wala mimi sikuwa na namna ya kumuuliza.

Nilikuwa na maneno. Wiki tatu nimeyapanga, kwa Kisukuma, nikianza na "mayu," yaani mama. Nilifungua mdomo, pumzi ikaishia kifuani. Mwanamke yule aligeuza kichwa upande wangu na kusikiliza ninavyohema.

"Ndiye huyu?" akauliza.

Kija akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba bibi haoni, akaitoa tochi mdomoni. "Ndiye, bibi."

Beseni lilikuwa limejaa na maji yalikuwa yametambaa kwenye saruji hadi kwenye miguu ya Ng'washi. Aliyahisi kwa vidole vya miguu kwanza. Akainama taratibu, mkono mmoja kwenye goti la Kija, akaweka kiganja chote sakafuni, akakaa nacho hapo. Kija akageuza tochi akamulika mkono ule. Ulikuwa mweusi, umekunjamana, na maji yalikuwa safi kati ya vidole.

"Hapa pamelowa," Ng'washi akasema. Akasugua vidole. "Ni ya baridi. Haya ndiyo ya paa."

Violeth aligeukia ukuta. Kija hakuiondoa taa.

Nikasema, kwa pumzi niliyokuwa nayo, "Ndiyo, mayu. Haya ndiyo ya paa."